Orodha ya Abiria

Juni, shule zilipofungwa, nilipanda basi Morogoro.
Usiku kucha magoti kidevuni, vumbi la Shinyanga puani,
alfajiri ikanikuta Usagara, mawe yakianza kubebana.
Wenzangu huenda likizo kupunga upepo.
Mimi nilifuata karatasi.

Shangazi Skolastika ameshavuka maji mara tatu kwenda Uhamiaji.
Mara ya kwanza: lete cheti cha baba.
Mara ya pili: lete cheti cha baba wa baba.
Ya tatu, kijana wa dirishani akamwuliza,
kwa adabu, simsingizii,
"Bibi, nyinyi asili yenu hasa ni wapi?"
Naye, na miaka yake sabini na tisa, akajibu:
"Nansio. Kabla ya hapo, tumboni."

Kirumba, nikingoja meli, lori la barafu likapita
na minofu ya sangara.
Sangara si wa hapa. Kila mvuvi anajua:
aliletwa enzi za Mwingereza, akamwagwa,
akala furu, akala ningu, akawa bwana wa ziwa.
Leo ana muhuri. Ana cheti cha asili yake.
Anapanda ndege,
na hakuna anayemwuliza bibi yake alitagia wapi.

Nansio tulifungua sanduku la bati.
Nondo walikuwa wamekula ubatizo, wakabakiza jina la padre.
Stakabadhi ya kodi ya kichwa, shilingi kadhaa, wino wa zambarau.
Kadi ya TANU, pembe zimelainika kama kitambaa.
Na picha moja: babu mbele ya kinu cha pamba,
nyuzi nyeupe zimemganda nywele,
amezeeka kabla ya siku zake.

Alikuja mwaka wa nzige, kwa miguu, kutoka Buyenzi.
Kule Mbelgiji alikuwa akihesabu watu kwa kiboko;
huku, aliambiwa, wanahesabu kwa kodi tu.
Akachagua kodi.
Karani wa kinu akamwuliza jina. Akasema: Ndabaneze.
Karani alikuwa na foleni ndefu na njaa ya mchana.
Akaandika: Daba Nesi.
Hivyo ndivyo tulivyozaliwa sisi,
akina Nesi, ukoo mzima,
kwa kalamu ya mtu aliyewahi chakula.

"Mwaka sitini na tano nilikuwa binti mbichi," shangazi anasema,
"nikapanga foleni na kanga mpya. Sabini, nikapanga.
Tisini na tano nilitoka na wino kidoleni,
nikapika ugali nao, sikutaka utoke.
Kura yangu waliihesabu.
Mimi ndiye waliyesahau kunihesabu."
Kisha akanituma dukani kununua chumvi.
Sikupata neno la kumjibu. Nilipata chumvi.

Sijui sheria vizuri. Mimi ni mwalimu wa jiografia.
Nafundisha mipaka kwa rula na chaki,
watoto wanafuta, naichora tena,
na siku zote Burundi hunitoka ndogo mno.

Jumatatu tunarudi Mwanza pamoja, sanduku mapajani mwake.
Bandarini kuna daftari, kalamu imefungwa uzi:
kila abiria aandike jina na namba ya simu ya jamaa.
Hakuna safu ya kabila. Hakuna safu ya babu.
Ni ziwa tu, likikasirika,
wajue wampigie nani.
Kumbe ili ufe humu unatosha ulivyo.

Naandika la shangazi kwanza.
Halafu langu; mkono unasita, uzi unavutika,
naliandika lote, kama lilivyotoka kinywani mwa babu:
Ndabaneze.
Karani analigeuza daftari, anakunja uso.
"Hili linatamkwaje, mwalimu?"
Na nyuma yangu foleni ni ndefu,
na ni saa ya chakula,
na anasubiri nimjibu.